Waraka Usio na Karatasi

Katika hifadhi ya nyaraka iliyoko Goa, Bara Hindi, zimetunzwa barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana kuwapo hata leo. Zimevuka bahari, zimestahimili joto, unyevu na wadudu, na baada ya zaidi ya miaka 300 mtu ajuaye hati ile aweza kukaa nazo mezani akazisoma. Kwa upande mwingine, barua pepe ya kwanza iliyopelekwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mwishoni mwa mwaka 1971, hakuna mtu ajuaye ilisema nini. Aliyeipeleka aliulizwa mara nyingi kabla ya kufa kwake, naye alijibu kwamba amesahau. Labda, alisema, ilikuwa safu ya juu ya herufi za kibodi, zilizopigwa kwa kufuatana bila maana yoyote. Waraka uliokuja kuenea duniani kuliko nyaraka nyingine zote ulianza kwa kupotelewa na nakala yake ya kwanza.

Jina la Kiswahili la chombo hiki lastahili kutazamwa kabla ya historia yake. Wengi hudhani kwamba neno pepe limetoka katika upepo, wakapata picha ya barua ipeperukayo hewani. Na picha hiyo ni nzuri. Lakini mkulima wa mpunga alilijua neno pepe zamani kabla ya kompyuta: ni punje isiyo na kiini, ganda tupu ambalo hupeperushwa wakati wa kupepeta, nafaka nzito ikabaki katika ungo. Hivyo neno hili limekusanya sifa na lawama pamoja, wepesi wa kwenda na wepesi wa kutobaki. Haielekei kwamba aliyelichagua alikusudia maana zote mbili. Hata hivyo zote mbili zimo.

Waraka wa namna hii haukuanza kama njia ya kuvuka masafa. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kompyuta moja kubwa ilikuwa ikitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya mashine yake ya kuandikia. Watu hao walihitaji kuachiana maneno. Tom Van Vleck na Noel Morris wakatunga programu iliyoitwa MAIL, ambayo iliweka ujumbe katika faili la mtu hata aje aufungue. Barua hiyo haikwenda popote: ilibaki ndani ya mashine ile ile, kama kikaratasi kilichoachwa chini ya sahani katika nyumba ya wapangaji wengi. Aliyetaka kumwandikia mtu wa mashine nyingine hakuwa na njia.

Njia ilipatikana katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, mjini Cambridge, katika jimbo hilo hilo. Kampuni hiyo ndiyo iliyopewa na serikali ya Marekani kazi ya kujenga mitambo ya kuunganisha ARPANET, mtandao wa wizara ya ulinzi ulioanza mwaka 1969. Ray Tomlinson, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1941, alikuwa na programu mbili mbele yake. Ya kwanza, SNDMSG, iliacha ujumbe kwa mtu wa kompyuta ile ile. Ya pili, CPYNET, ilihamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Akaona kwamba sanduku la barua nalo ni faili tu. Basi kwa nini ile ya pili isiichukulie ile ya kwanza mzigo wake mpaka ng'ambo? Akaziunganisha. Kompyuta mbili alizojaribia zilisimama ubavu kwa ubavu, na mtu angeweza kusoma ujumbe kwa kugeuza shingo. Lakini baina ya mashine hizo hapakuwa na kiungo kingine ila ARPANET, na kwa hiyo ujumbe ulizunguka katika mtandao ili kufika mahali palipokuwa mkono mmoja kutoka ulikoanzia. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Husimuliwa kwamba alipomwonyesha mwenzake alimwomba asimwambie mtu, maana haikuwa kazi waliyokuwa wakilipwa kuifanya.

Ilibaki shida ndogo ya anwani: jina la mtu litenganishwe vipi na jina la mashine yake? Tomlinson alitazama kibodi akatafuta alama isiyopatikana katika jina la mtu yeyote, akaichagua @. Ilikuwa alama ya wafanyabiashara, waliyoitumia kuonyesha bei ya kila kimoja katika hesabu zao. Umri wake ni mkubwa: barua ya mfanyabiashara wa Kiitalia, Francesco Lapi, iliyoandikwa Seville tarehe 4 Mei 1536, inaitumia kwa kipimo cha mtungi wa mvinyo. Kwa hiyo alama iliyomo leo katika anwani ya kila mwanafunzi ilipitia katika madaftari ya wachuuzi. Mwaka 2010 jumba la sanaa za kisasa la New York liliiingiza katika mkusanyo wake bila kulipa kitu, kwa sababu haina mwenyewe. Na ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba barua ya Lapi ipo na yasomeka, wakati ile ya Tomlinson, iliyokuja miaka 435 baadaye, haipo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka kuliko walinzi wa mtandao walivyotazamia. ARPANET ilijengwa ili wataalamu watumie kompyuta za mbali kwa hesabu zao. Uchunguzi wa mwaka 1973 ukaonyesha kwamba kama robo tatu ya yote yaliyopita humo yalikuwa barua. Watu walipewa chombo cha kuhesabia wakakigeuza chombo cha mazungumzo. Malkia Elizabeth II alipeleka barua yake tarehe 26 Machi 1976, alipozuru kituo cha utafiti wa kijeshi huko Malvern, wakati raia wake karibu wote hawakuwa wamepata kusikia habari hiyo. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman, wa chuo cha Carnegie Mellon, alipendekeza kwamba nukta mbili, kistari na mabano viandikwe kuwa alama ya mzaha, kwa sababu wenzake walikuwa wakiuchukua utani kuwa neno la kweli. Pendekezo hilo hutajwa kwa kicheko, na bado lilikuwa ungamo: maandishi yasiyo na sauti, wala uso, wala mwandiko wa mkono, yalikuwa yameanza kuleta ugomvi usiokusudiwa.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wa 1982, Jon Postel alitoa kanuni za jinsi kompyuta zitakavyopokezana barua, na kanuni hizo, ijapokuwa zimerekebishwa mara kadhaa, ndizo zinazotumika mpaka sasa. Mtu wa pwani azisomapo hawezi kukosa kutabasamu. Mashine yenye barua hubisha hodi. Mashine yenye kupokea huitika kwa tarakimu 220, yaani ipo tayari. Mgeni husalimu kwa amri ya herufi nne, HELO, akataja jina lake. Mwenyeji hujibu 250, yaani vema. Ndipo mgeni husema barua imetoka kwa nani, kisha inakwenda kwa nani, na kila mara hungoja jibu. Kama mtu atakiwaye hayumo nyumbani humo, ataambiwa hapo hapo. Baada ya hayo husomwa barua yenyewe, na mwisho wake hujulikana kwa nukta moja iliyosimama peke yake katika mstari. Kisha huagana. Bila salamu mazungumzo hayaendelei. Wahandisi wa California hawakujifunza adabu hiyo Lamu wala Mrima, lakini waliona haja yake, maana wageni wawili wasiojuana hawawezi kupeana amana kabla ya kusemezana.

Ila adabu hiyo ilikuwa na tundu. Mgeni alipotaja jina la mwandishi wa barua, hakuulizwa ushahidi. Katika miaka ile watumiaji walikuwa wachache, wengi wao wanachuo waliojuana kwa majina, na kumtilia shaka mtu wa namna hiyo kungekuwa utovu wa heshima. Sehemu kubwa ya taabu zilizofuata zilipitia katika tundu hilo. Tena ishara ilikuwa imekwisha kuonekana. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alipeleka tangazo moja la biashara kwa watu kama 400 wa ARPANET kwa mkupuo mmoja. Anwani zilikuwa nyingi hata zikafurika kutoka mahali pake zikaingia katika mwili wa barua, na walioipokea walilazimika kupita katika msitu wa majina kabla ya kufika kwenye tangazo. Alikemewa, lakini mwenyewe alisema baadaye kwamba aliuza. Tangu siku hiyo hapana dawa iliyopatikana ya kukata kabisa tamaa ya mtu ambaye barua moja na barua milioni zamgharimu karibu sawasawa. Ulaghai wa mali iliyofungiwa ng'ambo, ambao katika karne ya 19 ulikwenda kwa posta kwa jina la mfungwa wa Hispania, ulipata mabawa mapya, na katika lugha ya mitaani ukaitwa kwa kifungu cha 419 cha sheria ya makosa ya jinai ya Nigeria.

Katika Afrika ya Mashariki barua pepe iliikuta desturi ya barua iliyokomaa. Waya wa simu wa chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, lakini simu ililipiwa kwa neno, ikabaki ya serikali, ya matajiri na ya misiba. Mtu wa kawaida aliandika barua. Hakuwa na mtarishi wa kumfikia mlangoni. Alikuwa na sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe halikuwa lake, bali la shule, la kiwanda, la misheni au la mjomba aliyeajiriwa mjini. Barua ilipita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe, na habari yake aghalabu ilitangulia. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Barua, kwa hiyo, ilikuwa shauri la watu wengi. Siri katika barua ilikuwa bahati. Na ilikuwa na mpango wake: salamu kwanza, kisha kuulizana hali, kisha salamu za kila mmoja kwa jina lake, na wabaadu ndipo dhumuni. Wahenga waliposema kwamba barua ni nusu ya kuonana, walikuwa na barua ya namna hiyo akilini, yenye watu ndani yake.

Barua pepe ilipofika haikuanzia kwa matajiri wala kwa maofisi makubwa. Sehemu moja ya habari yake hapa, na iliyo bora, ni ya madaktari. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Boston ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la madaktari la kuzuia vita vya nyuklia, lililopewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1985, aliona kwamba setilaiti zinazobeba habari za vita zaweza kubeba habari za tiba. Likaanzishwa shirika la SatelLife, na mtandao wake ukaitwa HealthNet. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vyake viliwekwa katika vyuo vya udaktari, vya Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji vikiwa miongoni mwao. Setilaiti yenyewe ilitengenezwa na wahandisi wa chuo kikuu cha Surrey, Uingereza, na nyingine ya mradi huo ikarushwa mwaka 1993. Ilikuwa ndogo, ikipita katika kimo cha kilomita kama 800, na kuizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi. Haikusimama juu ya mji wowote. Ilipita mara chache kwa siku, na kila ilipopita ilionekana kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo kompyuta ya chini ilirusha barua zake juu na kuvuta zilizokuja, kisha setilaiti ikatokomea nazo nyuma ya upeo hata ifike juu ya kituo kingine na kuzimwaga huko.

Yeyote aliyeishi pwani ataitambua biashara hiyo. Ni jahazi. Lina msimu wake, lina bandari zake, halingoji mtu, na aliyechelewa kufunga mzigo atangoja lijalo. Tofauti ni kwamba msimu ulikuwa wa saa badala ya miezi. Daktari aliyekuwa katika hospitali isiyo na fedha za kununua majarida ya ng'ambo aliweza kupata muhtasari wa tiba mpya na kumwuliza mwenziwe wa nchi nyingine juu ya mgonjwa aliyemshinda, wakati ambapo kupiga simu ya ng'ambo kwa jambo hilo hilo kungemaliza fungu la idara. Katika historia nzima ya barua pepe, ambayo waandishi wengi huisimulia kama habari ya ofisi na biashara, hapana mahali ambapo faida yake ilikuwa dhahiri kuliko hapo.

Katikati ya miaka ya 1990 intaneti yenyewe ilifika, na mwaka 1996, tarehe 4 Julai, Sabeer Bhatia na Jack Smith walifungua Hotmail, barua pepe isiyolipiwa ambayo mtu aliifikia kwa kompyuta yoyote. Jambo hili la pili liliigusa Afrika ya Mashariki kuliko Marekani lilikotoka. Mmarekani alikuwa na kompyuta yake nyumbani. Kijana wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hakuwa nayo, na sasa hakuihitaji. Zikazuka intaneti kafe. Muda ulilipiwa, na mtandao uliotegemea setilaiti ulikuwa mzito na ghali. Kwa hiyo mwenye busara aliandika barua yake kwanza nyumbani, kwa kalamu, katika karatasi, akaja nayo akainakili upesi saa isije ikamla. Wazee wasiojua kuandika kwa mashine waliwatuma wajukuu. Jibu la mtoto aliyeko masomoni lilichapishwa likapelekwa nyumbani na kusomwa sebuleni. Kwa miaka michache barua pepe ilikuwa barua hasa: ilikuwa na rasimu, na mwandishi, na mpelekaji, na msomaji wa sauti. Waya wa SEACOM ulipofunguliwa Julai 2009, wa kwanza wa nyuzi za mwanga kuunganisha mwambao huu na ulimwengu, na simu za mkononi zikafuata nao, hali hiyo ilikwisha. Kafe zikafungwa moja baada ya moja.

Maofisini ilikuwa hadithi nyingine. Ofisi ya Kiafrika ya Mashariki imejengwa juu ya masijala: barua huingia, hugongwa muhuri wa tarehe, hupewa namba ya ukurasa katika jalada, na jalada hupelekwa kwa mkubwa ili aandike agizo lake pembeni. Barua pepe haikuwa na mlango katika mpango huo. Maofisi mengi yalitatua shida hiyo kwa njia ambayo vijana waliicheka: katibu muhtasi aliifungua barua, akaichapa katika karatasi, akaigonga muhuri, na ikaingia katika jalada kama nyingine. Mkubwa aliandika jibu kwa kalamu, na katibu akalipiga. Walioicheka desturi hiyo hawakufikiri sana. Mwanahistoria atakayetafuta mwenendo wa ofisi hizo katika miaka ile atazikuta barua zake katika jalada, kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na maoni ya pembeni. Akitafuta za miaka iliyofuata huenda asikute kitu.

Ni ajabu pia kwamba barua pepe yenyewe ilirithi mambo mengi ya karatasi, ikayabeba bila kuyajua. Mahali pa kunakilishia watu wengine huitwa hata leo kwa herufi mbili za karatasi ya kaboni, ambayo wapiga taipu waliiweka baina ya kurasa mbili, na vijana wengi wanaoitumia hawajapata kuishika karatasi hiyo. Neno la juu, Re, wengi hulidhani kuwa ni kifupi cha kujibu. Nalo ni neno la Kilatini lenye maana ya jambo, ndilo lile lile ambalo ofisi za Tanzania huliandika Yah na za Kenya Kuh. Kilichoongezwa ni wepesi wa kunakilisha. Zamani kila nakala ilikuwa kazi, na kaboni ya nne haikusomeka. Mwandishi alichagua nani apewe. Sasa mtu hunakilisha kwa watu thelathini ili asije akalaumiwa na mmoja, na thelathini hao hupoteza asubuhi yao kusoma yasiyowahusu.

Juu ya salamu, lawama zimesemwa sana, na si zote za haki. Ni kweli kwamba barua pepe ya leo huanza na haja na kuishia na jina. Mpango wa salamu na wabaadu umebaki kwa wachache. Lakini mazungumzo ya jamaa na marafiki yamekwisha kuhamia katika simu, na huko salamu zimejaa tele, asubuhi na jioni, pamoja na maua na dua. Kilichobaki katika barua pepe ni maombi ya kazi, nafasi za chuo, hati za madai, mikataba na barua za mhadhiri kwa mwanafunzi wake. Imekuwa waraka rasmi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 imeutambua waraka wa kielektroniki mbele ya sheria, kwa hiyo ile punje tupu sasa yaweza kumfunga mtu katika deni.

Hapo ndipo linapoonekana suala la hifadhi kuwa zito. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka mwambao akikusanya miswada ya Kiswahili, ambayo sasa imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Karatasi za namna hiyo ziliponea katika makasha ya nyumbani, kwa sababu kasha halihitaji idhini ya mtu ili kulinda kilichomo: hukaa tu, na mjukuu hulifungua. Wenzao wa Marekani wameanza kujifunza kukusanya kwa namna nyingine. Chuo kikuu cha Emory, kilipopata karatasi za Salman Rushdie mwaka 2006, kilipokea na kompyuta zake. Katika Afrika ya Mashariki, kijana aliyemwandikia mamaye kutoka Moscow, Leeds au Muscat mwaka 1998 aliiacha barua yake katika mashine ya kampuni ya ng'ambo. Kasha hilo lina neno la siri, na mwenye neno hilo akifa, jamaa zake hawana ufunguo. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti zisizofunguliwa kwa miaka 2 zitafutwa pamoja na barua zilizomo, na kazi hiyo ikaanza Desemba ya mwaka huo.